Ile sura inayotema maji Chicago: ni sanamu au bomba la kuogea?

mamaZ_wa_Makorora

Wakuu habari za wikiendi. Naombeni mnisaidie kuamua ubishi maana nyumbani kwangu kumechafuka tangu jumamosi.

Iko hivi. Mama yangu kaja kututembelea kutoka Tanga, ndo mara yake ya kwanza kupanda ndege, sisi tunakaa Indiana kwa hiyo Chicago ni mwendo wa masaa mawili na kitu kwa gari, tukasema tumpeleke akaone mji. Tukaingia ile bustani yao ya Millennium Park. Pale pana minara miwili ya vioo imesimama inatazamana, katikati sakafu ya mawe meusi ina maji kidooogo hata kifundo hayafiki, na kwenye kila mnara kuna sura ya mtu, sio ya kuchonga, ni vidio, mtu kabisa anapepesa macho anakuangalia. Tulivyofika ilikuwa zamu ya mama mmoja mweusi, mtu mzima, mvi tupu, anatabasamu kwa mbali. Mama yangu akasimama, akajiweka sawa kanga yake, akasema "shikamoo".

Sitanii. Kaiamkia skrini. Sijamaliza hata kucheka yule bibi wa kwenye mnara akabinua midomo kama anapuliza jiko la mkaa, maji yakamtoka mdomoni fyaaaa, watoto wote waliokuwa wanasubiri chini wakapiga yowe, na Zuhura wangu yumo katikati yao na gauni lake la kutokea, kandambili moja mpaka leo hatujaiona. Mama kanigeukia: "Mimi namwamkia, yeye ananitemea mate?"

Sasa ubishi wenyewe. Shemeji yangu anasema ile si sanamu. Sanamu ni kama Askari pale Samora Dar, kawekwa 1927 na tangu siku hiyo kazi yake kusimama na kuangaliwa basi, hii ya Chicago ni bomba la kuogea limefungiwa tivii. Mume wangu anasema ni sanaa ila hawezi kueleza kwa nini, anarudia tu "we hukuona?" Mimi nauliza hivi, ile kitu inafanyaje kazi, wale watu ni waigizaji au ni kina nani, na ukiwatoa watoto wote pale vikabaki vioo na maji, bado ni sanamu? Na mama anauliza kama yule bibi yuko hai, maana anasema marahaba yake hajaipata.

---

yakhe_wa_kuze

Shemeji yako kasema kweli, mfereji ni mfereji hata ukiutia sura ya nabii. Huku Mombasa maji ya mfereji twayasubiri siku tatu, wao wayatemea watoto kwa starehe. Bei gani hiyo kitu??

---

Naima_kusini_mwa_mji

Pole kwa kandambili dada, hiyo imeshaenda. Mimi nakaa Chicago mwaka wa kumi na moja sasa na kila wageni wakija lazima niwapeleke pale, kwa hiyo ngoja nikueleze.

Inaitwa Crown Fountain, kaitengeneza Jaume Plensa, mtu wa Barcelona, ikafunguliwa Julai 2004 pamoja na bustani yenyewe. Minara ina urefu wa mita 15 hivi kila mmoja. Vile vioo ni matofali ya kioo yaliyotengenezwa kwa oda maalum, kioo cheupe kisicho na ule ukijani wa vioo vya kawaida, ili sura ikipita isionekane kama mtu mgonjwa, na skrini yenyewe iko nyuma yake kwa ndani. Gharama dola milioni 17, na kabla yakhe hajaanza kuhesabu kodi za watu, familia ya Crown peke yao walitoa milioni 10, ndo jina lilikotoka.

Wale sio waigizaji hata mmoja, ni watu wa Chicago, wakazi wa kawaida tu wa mji huu, karibu 1000. Wanafunzi wa chuo cha sanaa hapa ndo waliowarekodi. Na kitu ninachokipenda mimi, waliwakalisha kwenye kiti cha daktari wa meno! Kile cha kupanda na kushuka. Kwa sababu vichwa vya watu havilingani, mmoja shingo ndefu mwingine fupi, na lile tundu la maji kwenye mnara haliwezi kuhama kumfuata mtu, kwa hiyo kila mdomo ilibidi uletwe pale pale tundu lilipo. Vidio inachezwa polepole, ndo maana wanapepesa macho kama wametoka usingizini. Kila sura inakaa kama dakika 5, mwisho anabinua midomo, maji yanatoka kama nusu dakika, anaondoka anakuja mwingine. Baridi ikianza maji yanafungwa, kuanzia katikati ya oktoba mpaka machipuko, sura zinabaki peke yake zinaangalia theluji. Nimewahi kupita januari usiku nikakuta mzee mmoja mkubwa kama ghorofa ananiangalia na mimi namwangalia, hakuna mtu mwingine, nikaongeza mwendo.

Halafu la kutema mate mwambie mama asikasirike. Chemchemi za zamani kule Ulaya zina vichwa vya mawe, simba au majitu, maji yanatoka mdomoni, ni mtindo wao wa siku nyingi. Plensa kauchukua ule ule, ila badala ya jini la jiwe kaweka jirani yako.

---

fundi_stenlesi_KBG

Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na reli za ngazi, niko Kariobangi. Hizo za kutema maji siongei juu yake juu sijazielewa. Lakini hapo hapo kwa hiyo park si kuna ile Haragwe? Kitu ya msanii Anish Kapoor, stenlesi inang'aa kama kioo, umbo kama haragwe, jina yake halisi ni Cloud Gate lakini wenyeji wote wanaiita Haragwe kwa kiingereza chao, na huyo Kapoor nasikia mwanzoni hilo jina halikumfurahisha. Dada uliiona? Wasee wangu hiyo kitu nimeangalia vidio zake za kutengenezwa hadi bando ikaisha, nikanunua ingine.

Sikiza. Ni mabati 168 ya stenlesi, yote pamoja kama tani 100, urefu mita 20, kwenda juu mita 10. Ukiyaunganisha unapata mshono wa zaidi ya mita 700. Mita 700 za mshono!! Na leo ukisimama hapo huoni hata moja. Mwenye hajawahi kushika weldi hawezi kuelewa nasema nini. Bati ya stenlesi ukiipiga moto inapinda, inataka kujikunja kama chapati kwa kikaango, na hii haina upande mmoja ulionyooka, kila bati ina mviringo wake. Kisha ung'arishe. Waliipiga msasa kwa hatua tano, unaanza na ile mkali ya kung'oa kichwa cha mshono, unashuka mpole mpole hadi ile ya mwisho ya kutoa kioo. Mimi geti moja tu mteja akiinama akiona kamstari anataka kukata elfu mbili.

Ndio maana haikuwahi siku ya kufungua. 2004 waliionyesha na mishono yake nje, ikabidi 2005 ifunikwe na hema ndio wamalizie, ikakuwa tayari 2006. Bei ilianza dola milioni 6 ikafika 23. Hapo kwa bei simlaumu mtu.

Ingine, ndani ina fremu ya chuma lakini lile ganda halijabanwa kavu kwa fremu, limeachiwa nafasi ya kupumua. Chicago kiangazi jua kali, baridi nayo ni ile ya kuua, chuma inatanuka na kurudi, ungeibana yote ingepasuka mshono mwaka wa kwanza.

Kwa swali lako: hiyo Haragwe bila watu ni kijiko kikubwa. Inataka mtu aje ajione amekuwa mnene.

---

mamaZ_wa_Makorora

Fundi umenichekesha. Tuliiona ndio, mama alikataa kuigusa, anasema kioo cha watu tutakichafua. Nikamwonesha ilivyojaa viganja vya watoto kwa chini, ndo akaweka kidole kimoja halafu akapafuta na kanga. Na pale chini kwenye upinde ukiangalia juu unajiona mko watu mia, mama alihesabu kanga tisa akaacha.

---

Naima_kusini_mwa_mji

Hahaa mama hana tofauti na wafanyakazi wa pale. Ile sehemu ya chini, inayofikiwa na mikono, karibu mita 2, inafutwa kwa mkono mara mbili kila siku. Yote nzima inaoshwa mara mbili kwa mwaka, lita 150 za sabuni ya maji, hii hii ya kufulia. Uwanja unaoizunguka wenyewe ulifungwa agosti 2023 ukafunguliwa juni 2024 kwa matengenezo, mwaka mzima wageni wangu wananilaumu mimi kama vile mimi ndo nimefunga.

Na kabla haijakamilika kulikuwa na watu wenye wasiwasi kwamba kiangazi itaunguza watu mikono na wakati wa baridi watoto wataweka ulimi unase. Watu wazima wamekaa wanajadili ulimi wa mtoto na chuma. Huo ndo utofauti, Askari pale Samora hakuna aliyewahi kuwaza utamlamba.

---

msoma_sanaa

Naomba nichangie kidogo, shemeji yako asidhani kabishana na mume wako peke yake, ubishi huu wenye fani wanao miaka yote. Mwaka 1971 kule London, kwenye jumba la sanaa la Tate, mchongaji mmoja Mmarekani Robert Morris aliweka vitu vya mbao na chuma vya kupanda, kusukuma, kubembea juu yake, akawaambia watu ingieni. Waliingia kweli! Watu wazima wenye tai. Baada ya siku chache ikafungwa maana watu wanaumia, mara vibanzi vya mbao, mara mguu, wenye jumba walitegemea watu watagusa kwa adabu. 2009 wakaijenga upya, safari hii na vipimo vya usalama, ikaenda vizuri.

Na wapo waliokwenda mbali kuliko Plensa. Jeppe Hein, mdenmark, ana kazi yake ni kuta za maji tupu, maji yanaruka kutoka sakafuni juu kuliko mtu, yanafanya vyumba, ukuta huu unashuka ule unapanda, ukiingia umekauka unasubiri ukuta ushuke ndo uhamie chumba cha pili. Akiwa kazima pampu hakuna kitu, sakafu tu. London imekuwa ikiwekwa pale Southbank vipindi vya kiangazi, na 2015 ilikuwepo Brooklyn kwenye bustani ya pembeni ya daraja. Sasa hapo shemeji atasemaje, maana hata tivii haipo.

Tofauti yake na bembea kwa maoni yangu, bembea inajua unataka nini. Unakaa, unasukumwa. Ile sura hujui inataka nini na wewe, ndo maana mama kaamkia. Mimi naona mama ndiye aliyeielewa kuliko wote mliokuwepo.

---

yakhe_wa_kuze

Haya haya, mshaanza falsafa. Mimi nauliza jambo moja, hizo sura kubwa zatazama watu, je hazina kamera ndani? Marekani hiyo.

---

Naima_kusini_mwa_mji

Yakhe umegusa penyewe. 2006 kweli zilifungwa kamera za ulinzi juu ya ile minara, watu wakaziona, pakawaka moto, haziendani na kazi ya msanii na nani kawaruhusu, zikashushwa. Kwa hiyo sasa unaangaliwa na jirani tu.

---

shangazi_Saitama

Nimechelewa, huku Japani mlivyokuwa mnaandika nilikuwa nimelala. Ila hamuwezi kuongelea sanamu za kuchezewa mkaiacha Hakone. Pale pana makumbusho ya wazi, sanamu ziko nje kwenye majani tangu 1969, nyingi ni za kuangalia kwa heshima, wewe unazungukazunguka unatikisa kichwa, mpaka ufike kwenye jumba moja la mbao limepangwa magogo kama mtu kamwaga kuni, ndani yake umening'inia wavu. Wavu mkubwa jamani, rangi zote, una mifuko na matundu na mipira inaning'inia, watoto wamo ndani kama dagaa. Nilimpeleka mpwa wangu, nilimuona anaingia tundu la chini, nikamuona tena baada ya nusu saa anachungulia juu kabisa hana soksi moja. Wakubwa haturuhusiwi kupanda, tunakaa chini tunashika viatu.

Aliyeufuma ni mama anaitwa Toshiko Horiuchi MacAdam, mzaliwa wa huku, makazi yake Canada. Kafuma kwa mkono, nailoni, rangi katia mwenyewe. Na alivyoanza ndo hadithi inayomhusu shemeji. Miaka ya sabini mwanzoni alikuwa anafuma vitu vya kuning'iniza kwenye maonyesho, vya kuangaliwa tu. Siku moja watoto wawili wakaingia wakapanda ndani ya kazi yake. Mwingine angeita mlinzi. Yeye akasimama akaona ule wavu unavyonyooka na kurudi kila wakigeuka, kama kitu kina uhai, akaacha zile za ukutani akaanza kuwafumia watoto, na ndo kazi yake tangu hapo.

Mimi kwetu Bagamoyo, nimekulia kwenye nyavu, babu akishona sisi tunajifunga humo tunachapwa. Kumbe tulikuwa tunafanya sanaa.

---

yakhe_wa_kuze

Hii ya wavu nimeikubali wallahi. Hii haitaki pampu wala umeme. Wavu mtu wa pwani yoyote ataushona na ukitoboka ataushona tena.

Nikiwa Unguja jioni mimi hukaa Forodhani pale ukutani, vijana waruka baharini mmoja baada ya mwengine, aja mbio, ajipinda, tumbwi, na watu wote na mishikaki yao wameacha kula watazama. Hakuna aliyejenga kitu, ni ukuta tu. Labda mwanzo watafute mahali watoto washapachagua wenyewe ndio waweke hiyo sanamu.

---

fundi_stenlesi_KBG

Yakhe umesema kitu kubwa, na hapo kwa pampu acha niseme yangu. Kuna wakati niliitwa na msanii fulani tumtengenezee samaki wa chuma, awekwe kwa bustani ya umma, mji siutaji na ofisi iliyolipa siitaji. Samaki mrefu kama matatu. Ukizungusha pezi yake, kengele zinalia ndani ya tumbo. Nilitia beringi mbili nzuri, kila kiungo nikalainisha kona na msasa juu nilijua ni vidole vya watoto vitaingia hapo, nikawaandikia kwa karatasi: grisi kila mwezi, hapa na hapa. Grisi ni shilingi ngapi jamani.

Watoto walimpenda huyo samaki vibaya sana. Jumapili wanapanga laini. Mwezi wa nne nikapigiwa simu ati imeshika, nikaenda, beringi kavu kama mfupa, mchanga umejaa, grisi yenye niliwaachia kwa kopo iko ofisini haijafunguliwa hata kifuniko. Nikawaambia nipeni siku moja na pesa ya beringi mpya, wakasema bajeti ilikuwa ya kujenga, ya kutunza haikuandikwa. Nikarudi baada ya mwaka, kengele zishaibiwa zikauzwa kwa kilo, samaki amezungushiwa waya na kibao kimeandikwa USIGUSE. Mimi mwenye nililainisha hizo kona nikasimama hapo nje ya waya kama mgeni.

Kwa hivyo mkisema milioni 23, mimi siangalii hiyo. Mimi naangalia huyo msee anakuja na kitambaa mara mbili kwa siku. Huyo ndio sina.

---

msoma_sanaa

Fundi hiyo ya kibao imeniuma. Na ndo maana sehemu nyingi wanakimbilia shaba na "usiguse", ni rahisi. Hata Wangechi Mutu, Mkenya wenu, ana kazi moja nzuri sana ya shaba, viumbe wawili kwenye mtumbwi mmoja, maji yanapita, 2022 ilikuwa Storm King, bustani ya sanamu kule New York, kwenye majani, maji yanacheza ila mikono yako weka mfukoni.

---

mamaZ_wa_Makorora

Wakuu mrejesho. Jumapili hii tumerudi tena. Mama kadai. Alibeba mkeka!

Kakaa pembeni ya yale maji toka saa nane mchana, viatu kavua, miguu ndani, anamsubiri yule bibi atokee amuitikie. Mume wangu akapiga hesabu kwenye simu, nyuso 1000 mara dakika 5 gawa kwa minara miwili, hata zikija kwa foleni ni masaa 40 na zaidi kuzimaliza zote. Tukamwambia mama. Akasema yeye hana haraka, viza yake ni ya miezi sita.

Lakini kakaa pale mpaka ameijua. Anasema usiangalie midomo, ukiangalia midomo umechelewa, angalia mashavu, mashavu yakianza kuingia ndani hesabu mpaka tatu. Akawa anawapa ishara watoto, hawajui kiswahili hata neno lakini wakawa wanamwangalia yeye, akinyanyua mkono wote wanakimbilia chini ya mdomo, na hakukosea hata mara moja. Kuna mzungu kamletea maji ya kunywa. Shemeji tulikuja naye, alikuwa kakunja mikono huko nyuma kama saa nzima hivi, baadaye namtafuta simuoni, nageuka nakuta suruali imelowa mpaka kiunoni anasema kateleza. Hakuteleza.

Yule bibi hakutokea. Saa kumi na moja akatokea kijana mmoja, hata ndevu hajaota vizuri, kamkodolea mama macho, na mama kamkodolea. Dakika nzima. Mwisho mama kasema "haya, huyu aanze yeye kuniamkia mimi."

---

fundi_stenlesi_KBG

Msalimie mama sana. Dada swali moja tu, mkienda tena, nipigie picha pale maji yanaingilia chini, nataka kuona kama ni mfereji wenye wavu ama ni nafasi kati ya mawe. Kuna mtu ameniuliza kuhusu kazi ingine.

---

mamaZ_wa_Makorora

Fundi tunaenda jumamosi, nitakupigia. Ila usishangae mguu wa mama ukiwemo kwenye picha, pale pembeni kashapafanya pake.